Kasuku wa Rubondo na Kasuku wa Mama Mkubwa

Ndugu msomaji, mwezi huu tunasafiri. Tutaanzia Mwanza mjini. Tutapita Sengerema na Geita. Tutafika Chato, kisha tutaingia ziwani mpaka kisiwa cha Rubondo. Lakini kabla hatujapanda basi, nikueleze kwanza kwa nini nilikwenda huko. Nilikwenda kwa sababu ya neno moja. Neno lenyewe ni KASUKU.

Mama Mkubwa wangu anakaa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Sengerema. Ni mjane. Baada ya mumewe kufariki, alijiandikisha katika darasa la kisomo cha watu wazima. Alikuwa na bidii sana. Alikuwa anapika mapema, anafunga mbuzi, halafu anachukua daftari lake na kwenda.

Siku moja mwalimu alimwita asome mbele ya wenzake. Mama Mkubwa akasimama. Akasoma ukurasa mzima bila kukosea hata neno moja. Wenzake wakampigia makofi. Lakini mwalimu akasogea karibu, akatazama kitabu. Kumbe Mama Mkubwa alikuwa amefungua ukurasa mwingine kabisa! Alikuwa ameyashika maneno yale kwa kuyasikia kwa wenzake, akayasema yote kwa moyo.

Mwalimu akasema, "Mama, wewe unasoma kama kasuku."

Darasa zima likacheka. Mama Mkubwa akakaa. Hakusema kitu. Kesho yake hakwenda darasani. Wiki tatu zilipita, hakwenda.

Nilipopata habari hiyo nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta uani anachambua dagaa. Nikamwambia, "Shikamoo Mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu." Mara sauti nyingine ya mwanamume ikatoka nyuma ya nyumba: "Karibu ndani! Karibu ndani!"

Nilishtuka. Sauti ile ilikuwa ya marehemu Baba Mkubwa.

KASUKU WA NYUMBANI

Huyo aliyenikaribisha ni kasuku kweli, si mtu. Baba Mkubwa alikuwa mpagazi bandarini Kigoma. Mwaka 1988 alimnunua ndege huyo kwa msafiri mmoja aliyetoka Kongo. Alikuwa kinda bado. Alipoacha kazi alirudi naye nyumbani Sengerema, akamtengenezea tundu la waya.

Ni ndege wa rangi ya kijivu. Mkia wake ni mwekundu kama pilipili iliyoiva. Mdomo wake ni mweusi, umepinda kama ndoana. Vidole vyake viwili vinatazama mbele na viwili vinatazama nyuma, kwa hiyo anaweza kushika karanga kwa mguu na kuipeleka mdomoni kama mtu anavyoshika andazi.

Baba Mkubwa alifariki mwaka 2014. Kasuku yuko. Kila saa kumi alasiri huita, "Mama, chai iko wapi?" Anaita kwa sauti ile ile, na kikohozi kile kile mwishoni. Majirani wengine wanaogopa. Wanasema ni mzimu. Mama Mkubwa haogopi. Lakini aliniambia, "Mwanangu, kuna siku naitika. Nasema 'nakuja', halafu nakumbuka."

Msomaji, hakuna mzimu hapo. Kasuku kijivu akitunzwa anaweza kuishi miaka 40, na wengine hufika hata 60. Kwa hiyo si ajabu kumzika bwana wake. Wala hana midomo kama yetu ya kutamkia maneno. Sauti yake inatoka chini kabisa ya koromeo, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda katika mapafu mawili. Huko kuna kiungo kinachotetemeka hewa inapopita. Halafu ulimi wake mnene huitengeneza sauti hiyo. Porini huutumia ujuzi huo kujifunza milio ya kundi lake, apate kuwajua wenzake na wao wamjue. Akiwa peke yake ndani ya tundu, kundi lake ni watu wa nyumba ile. Basi hujifunza mlio wao.

Siku ile Mama Mkubwa aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Hivi huyu ndege anajua anachosema, au anapiga kelele tu? Maana nimeitwa jina lake, nataka kujua nimeitwa nini." La pili: "Mimi nimezeeka. Nikifa, nani atamtunza? Si bora nifungue tundu aende zake?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitakwenda kuuliza. Nilikuwa nimesikia kwamba katika kisiwa cha Rubondo wako kasuku waliotolewa katika matundu na kurudishwa msituni. Ndiyo safari yetu.

NJIANI

Zamani, mtu akitoka Mwanza kwenda Geita ilimlazimu kusubiri kivuko pale Kigongo. Foleni ya magari ilikuwa ndefu. Mgonjwa alisubiri, samaki walisubiri, na wengine walioza. Mwezi wa Juni mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa. Lina urefu wa kilometa 3 hivi. Basi letu lilipita juu ya maji kwa dakika chache tu, na abiria mmoja mzee alivua kofia yake mpaka tulipofika ng'ambo. Sijui alikuwa anasali au anaona upepo.

Kutoka dirishani niliwaona vikasuku wadogo wa kijani, wamejipanga juu ya waya wa umeme wawili wawili. Wenyeji wa upande huu wa ziwa mnawajua. Uso wao ni wa rangi ya machungwa, mdomo mwekundu, na jicho limezungukwa na mviringo mweupe kama mtu aliyevaa miwani. Hula mbegu za majani, na mtama na mahindi yenu pia. Wataalamu wanawaita Agapornis, neno la Kigiriki lenye maana ya ndege wa upendo, kwa sababu dume na jike hukaa wamebanana siku nzima. Aina hii ya kwetu ina jina la Fischer, daktari Mjerumani aliyesafiri katika nchi hizi karne ya 19. Kwao hasa ni hapa kaskazini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1980 walikamatwa kwa maelfu mengi na kupelekwa ng'ambo kufugwa majumbani. Leo ukienda katika miji ya Ulaya na Marekani utawaona ndani ya matundu, na mwenye nyumba hajui Sengerema iko wapi.

Tulipita Geita, tukapita Chato, tukashuka Muganza. Kutoka Muganza hadi bandari ndogo ya Kasenda si mbali, dakika chache tu kwa gari. Hapo ndipo tulipopanda mashua. Kutoka Kasenda mpaka kisiwani ni kama nusu saa.

MAJINA YA NDEGE

Mwendesha mashua alikuwa mzee mwenye mvi. Nilimwamkia, akaniuliza habari za safari na kazi yangu. Nilipomwambia natafuta maana ya neno kasuku alicheka sana. Akasema, "Mjukuu wangu, umetoka Mwanza kuja kutafuta neno? Basi kaa hapa mbele, nikuonyeshe maneno yanayoruka."

Kwa kweli alinifundisha mengi. Nitakupa yale niliyoyashika.

Alinyosha kidole juu ya mti mkavu ufukoni. Alikuwapo ndege mwenye kichwa cheupe na tumbo la rangi ya udongo mwekundu. Akasema, "Yule ni furukombe. Ni tai anayekula samaki. Mvuvi mwenzangu, ila yeye halipi leseni." Furukombe akatupa kichwa nyuma akalia. Huko Rubondo wako wengi mno, sauti zao husikika asubuhi mpaka jioni.

Halafu tukawaona ndege weusi wenye shingo ndefu, wanazama na kuibuka. "Yule ni mnandi. Na yule mwenye shingo kama nyoka ni mbizi." Nikamwuliza, "Babu, mbizi si ndiko kule kuzama majini?" Akajibu, "Ndiyo. Ukisema mtu kapiga mbizi, umemtaja kazi yake huyu."

Nikaona kwamba watu waliowapa ndege majina hawakuwa wavivu. Wengine waliwaita ndege kwa kazi yao. Kigong'ota ni yule anayegong'ota mti kwa mdomo kutafuta wadudu. Wengine waliwaita kwa sauti. Sema neno HONDOHONDO polepole, kwa sauti nzito, utamsikia mwenyewe. Sema KWARARA kwa nguvu, na yule ndege mwenye mdomo mrefu anayepita alfajiri juu ya mashamba atadhani unamwita.

Wengine wana majina yanayoonyesha walikotoka. Bata bukini ni bata mkubwa mwenye shingo ndefu. Bukini ni jina la zamani ambalo Waswahili waliiita nchi ya Madagaska.

Lakini mzee alipenda zaidi maneno yenye maana mbili, na mimi pia niliyapenda. Nilitoa daftari nikayaandika hapo hapo, mashua inanesanesa.

Kanga ni ndege wa porini mwenye madoadoa. Kanga pia ni nguo ya akina mama. Sasa utajuaje ni ipi? Tazama maneno yanayofuata. Ukisoma "kanga ameruka", huyo ni ndege. Ukisoma "kanga imechanika", hiyo ni nguo. Herufi chache tu zinakuambia kama utafute bunduki au sindano!

Mbuni ni ndege mkubwa asiyeruka. Mbuni pia ni mti wa kahawa, na ndugu zetu wa Kagera wanaujua vizuri. Tena mbuni ni mtu anayebuni jambo jipya. Mbuni wa kwanza ana mayai, wa pili ana matunda, wa tatu ana akili.

Korongo ni ndege mwenye miguu mirefu. Korongo pia ni bonde jembamba lililochimbwa na maji ya mvua. Usimwambie mtoto "angalia korongo" bila kumwambia aangalie juu au chini.

Chozi ni ndege mdogo anayenyonya utamu wa maua kwa mdomo wake mwembamba. Chozi pia ni tone la maji linalotoka machoni.

Nikamwuliza mzee, "Na wale tunaowasingizia?" Akajua mara moja ninachotaka. Akaanza kuwahesabu kwa vidole. Mtu mwoga anaitwa kunguru. Mtu anayeringa anaitwa tausi. Mtu mwenye maneno mengi anaitwa chiriku. Bundi naye akilia juu ya nyumba, watu wanasema ataleta msiba, kumbe amefuata panya wa ghalani na anawafanyia kazi ya bure. Mzee akasema, "Binadamu ana tabia mbaya kumi. Tisa kawabandika ndege."

"Na kasuku je, Babu?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Waganda wanamwita enkusu. Sisi tunasema mtu ni kasuku akisema asichokijua. Lakini mimi sijawahi kuzungumza na kasuku nikamuuliza kama anajua au hajui. Wewe umewahi?"

ANAJUA AU HAJUI?

Swali la mzee lilinifanya nikumbuke habari niliyoisoma. Huko Marekani alikuwako mtaalamu mmoja, mwanamke, jina lake Irene Pepperberg. Mwaka 1977 alinunua kasuku kijivu katika duka la ndege. Akampa jina la Alex. Alikaa naye miaka 30, mpaka Alex alipokufa mwaka 2007.

Huyu mama hakumfundisha Alex kwa kumwimbia maneno tu. Alimfundisha mbele ya mtu wa pili. Mmoja aliuliza, "Hiki ni nini?" Mwenzake alijibu. Akijibu sawa, anapewa kitu chenyewe akishike. Akikosea, kinaondolewa. Kasuku alikuwa anatazama. Halafu na yeye akaingia katika mchezo. Alijua majina ya vitu vingi. Alijua rangi na maumbo. Ukimwonyesha vitu mchanganyiko na kumwuliza vya rangi fulani ni vingapi, alihesabu mpaka sita. Asipotaka kitu, alisema hataki.

Kwa hiyo jibu ni hili. Kasuku akisikia neno tupu, atalirudisha tupu. Akilisikia neno pamoja na kitu chake, anaweza kulielewa. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani. Lakini hakuna anayesema tena kwamba ndege huyu ni kopo la kurudisha sauti.

Hata hili la "Mama, chai iko wapi?" sasa naliona vingine. Kila alipolisema Baba Mkubwa, Mama Mkubwa alitoka jikoni, na mkononi alikuwa na kitu cha kula. Kasuku alipewa kipande cha kiazi. Je, huyo ndege hajui maneno yale yanafanya kazi gani?

KISIWA CHA RUBONDO

Tulifika. Rubondo ni kisiwa kirefu, kama kilometa 28 kutoka kaskazini hadi kusini, na karibu chote ni msitu. Kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Kabla ya hapo kilikuwa pori la akiba, na wavuvi waliokuwa wakiishi humo walihamishwa miaka ya 1960. Sasa hakuna kijiji. Wanaokaa ni watumishi wa hifadhi na wageni wanaopita.

Wenyeji wake wa asili ni kiboko, mamba, fisi maji, pongo na nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomsaidia kukanyaga matope bila kuzama. Lakini wako pia wanyama wa kuletwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe waliletwa kwa meli. Hawakutoka katika msitu mwingine. Walitoka katika mabanda ya kuonyeshea wanyama huko Ulaya! Walikuwa wamezoea kulishwa na watu. Walifunguliwa hapa, wakajifunza kutafuta chakula na kujenga viota juu ya miti, wakazaa. Vizazi vyao wako mpaka leo. Tembo na twiga nao waliletwa.

Na kasuku? Walikuja mwaka 2000. Hawa walikuwa wamekamatwa katika shehena ya magendo, wanasafirishwa kinyume cha sheria. Badala ya kuuzwa waliletwa kisiwani wakaachiwa.

Askari wa hifadhi aliyenitembeza alinieleza jinsi ndege hawa wanavyonaswa huko wanakotoka. Mtegaji anapaka ulimbo juu ya tawi. Anafunga kasuku mmoja karibu, huyo analia. Wenzake wanakuja kumwitikia, wananata. Wengine wanachukuliwa wakiwa makinda. Kasuku hajengi kiota cha majani. Hutaga mayai mawili hadi manne ndani ya tundu la mti mkubwa. Mtegaji akishindwa kupanda, anaukata mti wenyewe, na tundu hilo halitatumika tena. Baada ya hapo ndege wanasongwa ndani ya masanduku. Wengi hufa njiani kabla hawajaona soko.

Nilipokuwa naandika nilisimama katika neno TUNDU. Tundu ni shimo la mti ambamo kasuku anazaliwa. Tundu pia ni kile kizimba cha waya anamofungiwa maisha. Herufi ni zile zile tano.

Jioni tulikaa pembeni mwa msitu. Askari akaniambia ninyamaze. Jua lilipokaribia kuzama nikasikia mluzi mrefu. Ukajibiwa na mwingine. Halafu wakapita, wanne, juu sana ya miti, wanapiga mabawa harakaharaka kama bata, wanakwenda moja kwa moja bila kuyumba. Mikia ilikuwa myekundu. Walikuwa wanapiga makelele, wanaitana.

Nilisikiliza kwa makini kama nitasikia "karibu" au "hodi". Hapakuwa na neno hata moja la mtu. Askari akasema, "Hapa wanasema kikwao."

Nikamweleza habari ya ndege wa Mama Mkubwa. Nikamwuliza kama tufungue tundu. Akatikisa kichwa. Alisema wale wa Rubondo walitoka porini, wakakaa kizuizini muda tu. Tena walikuwa kundi. Wa kwenu amekaa peke yake tangu mwaka 1988. Hajui tunda la mwitu. Mabawa yake hayana nguvu. Hamjui mwewe. Ukimfungulia asubuhi, jioni atakuwa ameliwa, au atakuwa amekaa juu ya paa la jirani anaomba chai. Na huenda akawapa ndege wa porini ugonjwa aliouchukua kwa kuku.

Akaniambia tena kwamba sheria zimebadilika tangu siku za Baba Mkubwa. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata mnyama au ndege wa porini bila kibali ni kosa. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kupeleka wanyamapori hai nchi za nje. Mwaka huo huo mataifa yalikutana Johannesburg, Afrika Kusini, yakakubaliana kuzuia kabisa biashara ya kimataifa ya kasuku kijivu wa porini. Mama Mkubwa asimfiche ndege huyo. Amwandikie Afisa Wanyamapori wa Wilaya, aeleze amempata lini na wapi, na aombe shauri. "Kuandika ni bora kuliko kusubiri kuulizwa," alisema.

KURUDI SENGEREMA

Nilirudi kwa njia ile ile. Nilipofika, kasuku alinitangulia: "Karibu ndani!" Mama Mkubwa akatoka.

Nikamweleza yote. Nilimweleza habari ya Alex na vitu vyake vya rangi. Alitaka nimrudie ile habari ya kujibu na kupewa kitu mkononi. Nikarudia. Akafikiri. Akasema, "Basi pale darasani hatukupewa kitu mkononi. Tulipewa sauti tu, nasi tukairudisha." Sikumbishia. Mimi mwenyewe nimewahi kufundisha kisomo, na nimeimbisha watu silabi mchana kutwa bila kuwauliza zina maana gani.

Nikamweleza habari ya wale wanne waliopita jioni. Akauliza, "Wanasema nini huko msituni?"

"Hawasemi Kiswahili, Mama."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Akamtazama ndege wake kwa muda. Ndege naye akamtazama kwa jicho moja, kama kawaida yao.

Nilimwambia kwamba itabidi aandikwe barua kwa Afisa Wanyamapori. Nikatoa kalamu nimwandikie. Akainyang'anya. Akaingia ndani akatoka na daftari lake la kisomo, lile alilokuwa amelitupa juu ya kabati. Akaketi juu ya mkeka. Nikanyamaza kimya.

Alichukua muda mrefu. Alikuwa akitamka kila neno kwa sauti kabla ya kuliandika, na kila neno alikuwa akitazama kwanza kitu chake. Alipoandika TUNDU alitazama tundu. Alipoandika MUME alitazama ile picha ya ukutani. Jasho lilimtoka. Chai ilipoa. Saa kumi ilipofika kasuku aliita, na Mama Mkubwa akamjibu bila kuinua kichwa, "Ngoja, naandika."

Barua yenyewe ni hii. Ameniruhusu niitoe hapa:

"Kwa Afisa Wanyamapori. Mimi ni mjane. Nina kasuku mmoja. Mume wangu alimnunua Kigoma mwaka 1988. Anakula vizuri. Nimezeeka. Nataka kujua nifanye nini asipate shida mimi nikifa. Sitaki auzwe. Naomba uje umwone."

Kisha akaandika jina lake chini. Hakuweka dole gumba.

Jumatatu iliyofuata alikwenda darasani na barua ile ndani ya bahasha, kabla ya kuipeleka wilayani. Nasikia mwalimu aliisoma yote, akamwuliza nani amemwandikia. Mama Mkubwa akamwambia achague neno lolote ndani yake, naye ataonyesha liko wapi na maana yake nini. Mwalimu akachagua KASUKU.

Akalionyesha. Mstari wa kwanza, neno la nane kutoka mwanzo. Akasema, "Huyo ni ndege. Yuko nyumbani. Karibu umwone."

Afisa alifika wiki mbili baadaye kwa pikipiki. Alimkagua ndege, akaandika habari zake. Kwa sasa ndege amebaki pale pale chini ya uangalizi, na tundu limeongezwa ukubwa mara tatu. Mama Mkubwa amepandisha tawi la mpera ndani yake. Nilipopita mwezi jana nilimkuta ndege analitafuna gome, na wala hakunikaribisha.